Kwa Nini Muuguzi Hamwachi Mgonjwa Alale Baada ya Upasuaji

Malalamiko kuhusu wodi za upasuaji hapa Tabora yamezidi, na linaloongoza ni hili: "Manesi hawamwachi mgonjwa apumzike." Ni kweli, hatumwachi.

Saa ya kwanza baada ya upasuaji mgonjwa hupimwa kila dakika 15: upumuaji, mapigo ya moyo, presha, oksijeni. Akitulia, kila nusu saa, kisha kila saa. Huitwa kwa jina makusudi, kwa sababu anayekoroma baada ya nusukaputi huenda njia yake ya hewa inaziba, nanyi ndugu zake mnasema "kapata usingizi." Anayevuja damu ndani kwa ndani, mara nyingi mapigo huanza kwenda mbio kabla presha haijashuka. Doa la damu likionekana kwenye bandeji, muuguzi hulizungushia mstari wa kalamu na kuandika saa. Likivuka mstari, daktari anaitwa. Mkojo nao hupimwa: mtu mzima wa kilo 60 tunatarajia walau mililita 30 kwa saa. Tafadhali msiumwage mfuko wa mkojo kwa nia ya kumsaidia nesi.

Kila kipimo huandikwa kwenye chati, kwa saa na sahihi. Anayejaza presha asiyoipima ametenda kosa la kitaaluma na anaweza kufikishwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa Sheria ya mwaka 2010. Mwenye lalamiko aanze kwa msimamizi wa wodi, kisha aandike kwa uongozi wa hospitali akitaja tarehe na zamu. Kufoka wodini usiku si utaratibu.

Sasa asali mnayoileta ipakwe kwenye kidonda. Kwamba asali ya Tabora ni nzuri, hatubishani. Lakini iliyotoka mzingani ikaletwa kwenye chupa ya maji haijauliwa vimelea. Haipakwi kwenye mshono. Uji usubiri ruhusa, maana aliyelewa dawa akitapika anaweza kupaliwa. Na anayeshushwa kitandani kesho yake hateswi: kutembea mapema hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni.

Nyumbani, mkiona homa, usaha, mshono unaachia, au mguu mmoja umevimba, rudini siku hiyohiyo. Wa mbali, kama wilaya za Sikonge au Kaliua, asingoje tarehe ya kliniki. Aanzie kituo cha afya cha karibu, na karatasi ya ruhusa mkononi, maana bila hiyo wanaompokea hawatajua alipasuliwa nini wala alipewa dawa zipi.