Je, wajua kwa nini kodiani ya Wakajuni, yenye vitufe kumi tu, hujaza ukumbi mzima kwa sauti?

Usiku wa Jumamosi kusini mwa Louisiana, Marekani, wachezaji wa dansi za Wakajuni, jamii ya huko yenye asili ya Kifaransa, huzunguka ukumbi wawili wawili, kinyume cha mwendo wa saa, wolzi ikipokezana na dansi la hatua mbili. Anayewaongoza amekumbatia kodiani ndogo yenye vitufe kumi upande wa kulia.

Wengi huamini kwamba Wakajuni walikuja na ala hiyo kutoka Ufaransa, au walau Kanada. Tarehe zinakataa. Waingereza walianza kuwafukuza mababu zao Acadia, ambayo leo ni Nova Scotia na jirani zake, mwaka 1755, na kufikia 1765 makundi yao yalikuwa yanatia nanga Louisiana. Kodiani ilipewa hataza mjini Vienna mwaka 1829. Hata zilizokuja kupendwa Louisiana, za chapa kama Monarch na Sterling, zilitengenezwa Ujerumani. Kabla yake watu walicheza majumbani kwa fidla. Tena Wakajuni hawakuujenga mtindo huu peke yao: Amédé Ardoin, Mkreoli (mtu mweusi wa Louisiana mwenye kuzungumza Kifaransa) aliyeanza kurekodi mwaka 1929 akiwa na mpiga fidla Dennis McGee, ni miongoni mwa walioweka msingi wake. Anayeuita muziki wa Kifaransa ameshika lugha ya nyimbo, mengine yamemponyoka.

Kodiani iliipiku fidla kwa sauti kubwa. Ukibonyeza kitufe, hewa hupita kwenye vijilimi vyembamba vya chuma, na kila kijilimi hulia hewa ikipita upande mmoja tu. Kwa hiyo kitufe kimoja kina noti mbili: sukuma mvukuto upate C, uvute upate D. Ni kama msumeno wa watu wawili, unaokata ukienda na ukirudi. Kila noti ina vijilimi vinne viwezavyo kulia pamoja: kimoja cha chini, viwili vya katikati, kimoja cha juu. Vitufe 10, pande 2, vijilimi 4: jumla 80 ndani ya kisanduku cha kupakatwa. Ukumbi uliojaa vishindo vya viatu, bila kipaza sauti, ulihitaji nguvu hiyo.

Kodiani ya taarabu ya Zanzibar, ile yenye vibao kama vya piano, hutoa noti ileile ukisukuma au ukivuta, hivyo huweza kuuburuta wimbo kwa ulaini. Ya Wakajuni haina nafasi hiyo. Wimbo ukipanda kutoka C kwenda D mvukuto lazima ugeuke, na kila mgeuko huikata sauti. Mikato hiyo ndiyo miguu ya wachezaji inayoidaka, na ndiyo uzuri wenyewe wa ala hii.

Nguvu ya sauti haielezi kila kitu, lakini miaka ya 1930 inaitilia uzito hoja hiyo: vipaza sauti vilipoingia kumbini, bendi za nyuzi ziliisukuma kodiani pembeni. Mpiga kodiani Iry LeJeune aliirudisha kwa rekodi yake ya 1948, na haikuondoka tena.

Fidla nayo ilibaki, ila kwa masharti. Kodiani hii imefungwa kwenye ufunguo wake wa muziki, yaani noti ambayo nyimbo zake hujengwa juu yake, mara nyingi C, wala haibadilishwi usiku wa dansi. Hivyo wapiga fidla wengi hulegeza nyuzi zote nne kwa toni nzima, ili vidole vyao vicheze D kama walivyozoea huku sauti ikitoka C.