Njaa ya mama haipunguzi kichwa cha mtoto

Jamani, nimechoka. Kila nikikaa kliniki hapa Tanga hakosekani mjamzito wa miezi minane ambaye uzito umesimama, na nikimwuliza kulikoni, somo yake, yaani kungwi wake, anamjibia: "Nimemwambia apunguze kula, daktari, mtoto asije akawa mkubwa wakampiga kisu. Atanenepea nje." Atanenepea nje! Nikilisikia hilo natamani kufunga rejesta niende zangu Deep Sea nikanunue samaki.

Hesabu yenyewe haitoki. Mtoto akipungukiwa chakula tumboni hapungui mwili mzima sawasawa. Damu inaelekezwa kwanza kwenye ubongo. Ini, kongosho, figo na misuli vinaambulia makombo. Ndiyo maana wengi wanaodumaa miezi ya mwisho tunawapokea wana kichwa cha kawaida na vipaja vimesinyaa. Sasa kinachogoma kupita kwenye nyonga ni kipaja au kichwa? Umemnyima mtoto figo, kichwa umekiacha palepale. Kweli, mtoto mkubwa kupita kiasi anasumbua, lakini kisukari cha mama ni sababu mojawapo kubwa, na mama huyo anahitaji kupimwa sukari, si kulazwa njaa.

Figo ndizo zinazoniuma zaidi. Kila figo ina vichujio, nefroni, kwa wastani kama milioni moja, ingawa watu wanatofautiana sana. Nyingi zinaumbwa miezi mitatu ya mwisho, na kufikia wiki ya 36 hivi kazi imekwisha. Yaani somo anafunga jiko wakati uleule fundi yuko kazini. Baada ya kuzaliwa nefroni zinakua ukubwa tu. Idadi haiongezeki maisha yote. Zikiwa chache, kila moja inabebeshwa mzigo wa wenzake ambao hawakuumbwa, inachakaa mapema, na presha inapanda. Hoja hiyo Brenner, daktari wa figo wa Marekani, na wenzake waliitoa mwaka 1988. Uji na wali wa nazi vitajaza mashavu, lakini nefroni haiongezeki hata moja.

Mwaka uliofuata, 1989, mtafiti David Barker na wenzake walifukua rejesta za zamani za uzito wa watoto wa Hertfordshire, Uingereza, wakakuta wanaume waliozaliwa na uzito mdogo, na kubaki wadogo hadi mwaka mmoja, ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. 

Ila sasa na sisi wahudumu tumeugeuza mzani kuwa mganga. Kilo 3.2, makofi, kilo 2.3, mama anatazamwa kama mwizi. Uzito ni alama ya jambo lililopita, si jambo lenyewe. Uholanzi, wakati wa Vita Kuu ya Pili, majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walizuia chakula na mgao ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Njaa ilipowakuta wajawazito mwishoni mwa mimba, watoto walizaliwa wepesi, na ukubwani miili yao ilishindwa kuimudu sukari vizuri. Ilipowakuta mwanzoni, watoto walizaliwa na uzito wa kawaida kabisa, lakini ukubwani walipata ugonjwa wa moyo zaidi. Mzani ungewapigia makofi. Isitoshe, wengi wa wadogo tunaowapokea wameponzwa na malaria kwenye kondo la nyuma au presha ya mimba. Mama amekula vizuri tu, mnamsuta kwa lipi?

Yako pia yanayotutatiza wenyewe, sisi tunaosema njaa ya tumboni huleta maradhi ukubwani. Waliokuwa tumboni wakati Leningrad, mji wa Urusi, imezingirwa na Wajerumani katika vita hivyohivyo, walipopimwa ukubwani hawakuonyesha tatizo la sukari kama Waholanzi. Tunajitetea kwamba Waholanzi walirudi haraka kwenye shibe, wale wa Leningrad wakaendelea na uhaba. Inawezekana, ila utetezi huo ulitungwa baada ya jibu kujulikana, na mimi huwa nautilia shaka kidogo. Halafu kuna jeni: insulini ndiyo inayomkuza mtoto tumboni, kwa hiyo jeni linaloidhoofisha laweza kumzaa mdogo na kumpa kisukari baadaye, bila njaa yoyote. Hilo Hattersley, daktari wa kisukari wa Uingereza, alilisema 1999, na sidhani kama kuna anayeweza kutenganisha kwa uhakika lipi ni la njaa na lipi ni la ukoo.

Hata hivyo, la kunenepea nje halipati pa kujificha. Kati ya waliozaliwa Helsinki miaka ya 1934 hadi 1944, walioishia na ugonjwa wa moyo kwa kawaida walizaliwa wadogo, wakawa wembamba hadi miaka miwili, kisha ndipo wakaongezeka uzito haraka. Kwa hiyo mdogo anyonye, akue vizuri miaka miwili ya kwanza. Unene wa kulazimisha baadaye, kwa soda na maandazi, ndio wa kuogopa.

Mimba ikifika mwezi wa nane, mama mwongezeeni mlo, msimpunguzie: dagaa, maharage, kisamvu, matembele. Yai mpeni pia, msitishwe na wanaosema eti mtoto atazaliwa na kipara. Vipara wa Ngamiani, hapahapa Tanga, hawakuletwa na mayai. Na vidonge vya damu ameze na chungwa la Muheza, chai ya rangi aisubirishe, maana inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini.