Pumu ya ngozi kwa panya wa maabara: maswali na majibu

Kwa nini panya asababishiwe ugonjwa huu makusudi?

Mgonjwa hufika kliniki ngozi ikiwa imeshaharibika. Kwa panya, mtafiti hufuatilia tangu siku ya kwanza: ngozi inavyopoteza maji, seli za kinga zinavyomiminika na mwasho unavyoanza.

Mzio husababishwaje?

Njia iliyozoeleka ni ya ovalbumini, protini ya ute wa yai. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, hunyolewa mgongoni, kisha tabaka la juu la ngozi hubanduliwa kwa selotepu mara kadhaa. Shashi ya sentimita 1 kwa 1 yenye mikrogramu 100 za ovalbumini huwekwa hapo na kufunikwa kwa plasta. Hukaa wiki 1, panya hupumzika wiki 2, na shashi hurudishwa palepale hadi zitimie mara 3. Jumla ni wiki 7. Mwishowe ngozi huwa nene, eosinofili (seli nyeupe za damu za mzio) hujaa na IgE, kingamwili ya mzio, hupanda kwenye damu.

Kazi huharibikia wapi?

Mara nyingi kwenye selotepu. Ukibandua kupita kiasi unapata kidonda, na kidonda si mzio. Ovalbumini isiyosafishwa vizuri nayo hubeba endotoksini, yaani sumu za bakteria, ambazo huweza kugeuza mwitikio wote wa kinga. Plasta ikikaa chini mno, panya huing'oa. Ibandikwe juu ya mgongo, meno yasikofika. Madume nao hupigana na kujeruhiana, kwa hiyo majike ni nafuu.

Kundi linganishi linyolewe, libanduliwe na kubandikwa shashi vilevile, ila yenye maji ya chumvi tu. Bila kundi hilo, wekundu unaouona unaweza kuwa wa selotepu tu.

Hakuna njia ya haraka?

Ipo. Kalsipotrioli, dawa ya soriasisi (ugonjwa mwingine wa ngozi), ikipakwa sikioni kila siku huvimbisha sikio ndani ya wiki 1 hadi 2. Inafaa kuchunguza uvimbe na mwasho, lakini haihitaji kizio (kitu kinacholeta mzio) chochote, hivyo haikuambii jinsi mwili unavyoanza kukikataa kizio fulani. Ukizidisha dozi, kalsiamu hupanda damuni na panya hukonda.

Dawa ikimponya panya, itamponya mtu?

Si lazima. Ngozi ya panya ni nyembamba na imejaa manyoya, kwa hiyo dawa ya kupaka hupenya kirahisi mno. Matokeo ya krimu ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi. Kwa ugonjwa huu mbwa yuko karibu nasi kuliko panya: pumu ya ngozi humpata bila kusababishiwa na mtu.