Kabla ya Kukata Waya: Antena ya Bendi Nyingi kwa Anayeanza Redio ya Ridhaa Mwanza

Kijana mmoja wa Mabatini alikuja ofisini kwangu na tangazo kwenye simu. Antena ya waya, bendi nane, yaani mafungu nane ya masafa, "haihitaji marekebisho". Bei yake ilikuwa inakaribia ya redio yenyewe. "Mwalimu, ninunue?" Nikamuuliza kwao pana mita ngapi toka kona ya nyumba hadi mti wa karibu. Hakujua.

Jumamosi nikapanda mwenyewe na futi ya fundi mkononi. Anayeijua milima yetu anajua nyumba zilivyopachikwa juu ya mawe, ngazi huku, jiwe kule, choo juu ya jiwe lingine. Toka pembe ya paa lao hadi mwembe uliojibana kati ya miamba miwili tulipata mita 23. Mita hizo 23 ndizo zilizochagua antena. Tangazo tuliliacha.

Kwa msomaji mgeni wa jambo hili: redio ya ridhaa ni mawasiliano ya mtu binafsi mwenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, anayerusha mawimbi kwa kujifunza na kujaribu, bila biashara. Alama ya wito, yaani jina la kituo hewani, ya Tanzania huanza na 5H; ng'ambo ya ziwa utawasikia Uganda kwa 5X na Kenya kwa 5Z. Wa umri wangu wanaikumbuka simu ya upepo ya misheni na zahanati. Mawimbi ni yale yale ya masafa mafupi, kati ya megahezi 3 na 30.

Sasa tuje kwenye waya. Chukua kamba, mwenzako ashike ncha moja, wewe uitikise taratibu. Inajaa katikati, ncha zimetulia. Ongeza kasi: yanatokea matumbo mawili, na kati yake fundo lisilocheza. Ongeza tena, matumbo matatu, kisha manne. Mkondo wa umeme ndani ya antena hufanya hivyo hivyo. Ukitaka urefu wa tumbo moja, gawa 143 kwa megahezi, jibu ni mita. Kwa 7.1 unapata mita 20 na kidogo. Bendi huitwa kwa urefu wa wimbi zima, yaani matumbo mawili. Waya huo una tumbo moja kwenye bendi ya mita 40 (megahezi 7.0 hadi 7.2), mawili kwenye mita 20 (14.0 hadi 14.35), matatu kwenye mita 15 (21.0 hadi 21.45) na manne kwenye mita 10 (28.0 hadi 29.7). Bendi hizi nne zinazidishana, ndiyo maana waya mmoja unazitosha. Bendi za mita 30, 17 na 12 haziingii kwenye hesabu hiyo. Huko utahitaji tyuna, kifaa cha kuipatanisha antena na redio, hata muuzaji aseme nini.

Kinachotofautisha antena moja na nyingine ni mahali unapounganisha kebo. Penye tumbo ukinzani ni mdogo, omu 50 hadi 70 hivi, na redio yako imetengenezwa kwa omu 50. Penye fundo ukinzani unapanda hadi maelfu ya omu, na redio inakataa.

Ukikata waya katikati na kuweka kebo hapo, umetengeneza dipoli, antena ninayoiheshimu kuliko zote. Katikati pana tumbo pale idadi ya matumbo inapokuwa witiri, yaani kwenye mita 40 na mita 15. Kwenye mita 20 na mita 10 idadi ni shufwa, na katikati pana fundo. Dawa yake ni kuongeza jozi nyingine ya nyaya, yenye jumla ya mita 10, kwenye kitovu hicho hicho na kebo hiyo hiyo. Sasa mita 20 nayo imepatikana. Karakanani kwetu tunaiita masharubu ya kambare. Ni rahisi na haina transfoma ya kuungua, ila inataka nguzo mbili au tatu na kebo nzito inaning'inia katikati. Mwenye uwanja mpana wa Buhongwa au Igoma aanze na hii, asihangaike na nyingine.

Ukiweka kebo kwenye theluthi ya waya, na transfoma ya 4 kwa 1, unapata mita 40, 20 na 10. Mita 15 unaikosa, kwa kuwa matumbo yakiwa matatu theluthi ni fundo kamili. Matangazo mengi ya aina hii huihesabu mita 15 bila aibu.

Ukiweka kebo kwenye ncha, hapo siku zote pana fundo, kwa bendi zote nne. Hilo ni tatizo, lakini ni tatizo la aina moja, na transfoma moja inalimaliza: ya 49 kwa 1, mizunguko 2 kwa 14 kwenye pete ya feraiti, inayoshusha omu 2,450 hadi 50. Hii ndiyo tuliyomfungia kijana wa Mabatini. Transfoma ipo ukutani chini ya paa, waya unapanda kuelekea mwembe, kebo ni ya mita sita tu hadi kwenye meza yake. Kwa mteremko wenye mawe na mti mmoja, sioni mpinzani wake.

Ina gharama zake, na wauzaji hawazisemi. Ukirusha wati 100, ncha ile ina volti zipatazo 500, kwa hiyo isifikiwe na mtoto wala anayeanika nguo. Halafu mkondo lazima upate pa kurudia. Usipoupa waya mfupi wa mita 2 kama mwenzi, mkondo utapita kwenye ganda la kebo na kuingia hadi chumbani, na siku moja kipaza sauti cha chuma kitakuuma mdomo. Funga kizuizi kwenye kebo: iviringishe mara kumi hivi kwenye pete nyingine ya feraiti, karibu mita 2 kutoka kwenye transfoma.

Kuhusu waya wa urefu wowote wenye transfoma ya 9 kwa 1, nitasema tu kwamba unataka tyuna nzuri na usiwe wa mita 20. Antena iitwayo G5RV, ya Mwingereza Louis Varney, ina mita 31 na inataka tyuna vilevile. Viwanja vyetu vingi vitaikataa kabla yako.

Na usilogwe na SWR, kipimo cha jinsi antena inavyopatana na redio, ambapo 1 kwa 1 ndiyo bora. Mzigo wa majaribio wa omu 50, unaogeuza nguvu kuwa joto tu, una SWR ya 1 kwa 1 kila bendi, na hausikiki hata Kirumba. Kinachokupa mtu wa kuongea naye ni waya ulio wazi na urefu kutoka chini. Mita 6 hadi 8 juu zinatosha bendi ya mita 40 kwa mazungumzo ya kanda: mawimbi yanapanda karibu wima, yanagonga ionosfia, tabaka la juu la anga, na kurudi kama mvua kwenye eneo la mamia ya kilomita. Mchana unaipata Bukoba, kilomita 180 hivi kwa mstari ulionyooka, na Kampala, kama 300, bila kujali kilima kilichokusimamia mbele. Waya huo huo kwenye mita 20 utairuka Bukoba na kushuka mbali zaidi, Ulaya au Asia. Chini kabisa, umelala juu ya bati, hautafika popote, bati linameza. Uinue mita kadhaa juu ya paa.

Watu huniambia, "Mwalimu, sisi tuko ziwani, mawimbi yatateleza." Maji ya chumvi ndiyo yanayosaidia hivyo. Ziwa letu ni la maji baridi, yanapitisha umeme kwa kiwango kidogo kuliko bahari kwa zaidi ya mara mia. Ukisimama Kapri Point ukitazama jiwe la Bismarck unapata upeo ulio wazi, nayo ni faida, lakini usihamishe nyumba kwa ajili yake.

Vifaa vipo mjini. Waya wa shaba wa nyumba, wa milimita 1.5 za mraba, unauzwa duka lolote la umeme. Ganda lake la plastiki linaifanya antena ionekane ndefu kuliko ilivyo, kwa hiyo utapunguza kidogo. Mimi antena yangu ya kwanza niliikata kabisa kwa hesabu ya kitabu, nikapunguza tena, mwishowe ikawa fupi na ikabidi niunge. Siku hizi naanza na mita 20.5, nakunja ncha na kuifunga, napima, nakunja tena. Mkasi unakuja mwisho. Kwa vihami, kipande cha bomba la plastiki chenye matundu mawili kinafaa sana.

Kwa kamba nenda kwenye maduka ya zana za uvuvi. Chukua nailoni ya nyavu, isiyooza kwa mvua, na ukiwa pale nunua mshipi na chubwi. Chubwi ndiyo inayorushwa juu ya tawi, mshipi unaifuata, kamba inavutwa na mshipi. Kijana wetu alirusha mara nne. Ya tano ikapita, wadogo zake wakashangilia kama goli. Usikaze waya kama gitaa. Mti unacheza. Weka kapi tawini, pitisha kamba, na ncha yake ifunge dumu la lita 5 lenye mchanga linalopanda na kushuka lenyewe upepo wa ziwa ukivuma. Bila hivyo wale ndege wakubwa wenye upara wa jalalani watamalizia kazi ambayo upepo umeianza.

Jambo moja silifanyii mzaha: nyaya za TANESCO. Pima kwamba waya wako ukikatika, au chubwi ikipitiliza, haviwezi kuzigusa. Kama vinaweza, tafuta upande mwingine, hata kama mti mzuri uko huko.

Tulipomaliza, bibi yake alitoka na kiti chake akatazama juu. "Baba, huo waya hautatuvutia radi?" Swali zuri kuliko yote ya siku ile. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa yenye radi nyingi zaidi duniani. Nchi kavu hupiga zaidi alasiri, ila juu ya maji ngurumo huchacha usiku na kuelekea alfajiri, wakati upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya ziwa. Ndiyo maana pia simshauri anayeanza Mwanza kulipia bendi ya mita 80: anahitaji waya wa mita 40, na usiku anasikia mkwaruzo wa radi kuliko watu.

Nikamjibu bibi kwamba waya hauiti radi, lakini radi ikipiga jirani, waya utaileta ndani. Fimbo ya ardhi tulijaribu kuipigilia, ikagota kwenye jiwe kabla ya nusu mita. Tukapigilia tatu fupi kwenye udongo wa bustani, tukaziunga kwa shaba, kisha tukaziunga na ardhi ya umeme wa nyumba. Hiyo inapunguza umeme tuli na kelele. Pigo lenyewe hailizuii, na hakuna kifaa cha dukani kinacholizuia.

Kwa hiyo kebo inachomolewa kwenye redio na kutupwa nje ya dirisha kila redio inapozimwa, hata kama anga ni jeupe, na hasa kabla ya kulala. Bibi alitaka kuonyeshwa inavyochomolewa. Akaifungua na kuifunga mara mbili kwa mkono wake, akasema kazi hiyo ya jioni ataifanya yeye, kwa sababu vijana husahau.