Mwembe haunywi shinani

Mwezi wa kumi mwaka jana mama mmoja wa Chamwino, Dodoma, aliniita shambani kwake. Miembe yake ya miaka sita ilikuwa imekunja majani na inapukutisha matunda, ilhali kila jioni kila mti ulipata ndoo moja shinani.

"Mwanangu, nimebeba maji mpaka mgongo unaniuma. Huu mti unataka nini?"

Nilichukua jembe nikachimba pale anapomwaga. Juu tope, shubiri moja chini vumbi tupu. Nikasogea hadi kivuli cha matawi kinapoishia saa sita mchana, nikachimba tena. Huko ndiko ilikojaa mizizi myembamba, ile inayonyonya, na udongo ulikuwa mkavu kama majivu. Mama wa watu alikuwa ananywesha pasipo na mdomo.

Tulivunja visahani vyote vidogo, yaani vile vibonde vya kushikia maji kuzunguka shina. Tukatengeneza kipana, chenye tuta la nje kupita kidogo ukingo wa kivuli, na tuta la ndani la kuzuia maji yasituame shinani, maana shina likilowa kila siku huoza.

Kuhusu kiasi, mimi hupiga hesabu hivi. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mwembe wenye kivuli cha upana wa mita 4 unafunika mita za mraba 12 na nusu hivi. Kiangazi naukadiria milimita 3 kwa siku, yaani karibu lita 260 kwa wiki, ndoo 13 za lita 20. Zimwage kwa siku moja au mbili, zizame. Ndoo moja kila jioni huishia juu na jua la kesho yake linaichukua. Kabla ya kurudia, chimba kina cha kiwiko, finyanga udongo: ukishikana kama tonge la ugali, acha, bado upo unyevu.

Matandazo ya mabua ya mtama au uwele yanaokoa maji mengi sana. Yaache shubiri mbili kutoka shinani, mchwa wanayapenda. Na kama kisima chako kina chumvi, ncha za majani zikaungua, usimwage kidogo kidogo. Mwaga mengi kwa mkupuo yaisukume chumvi chini ya mizizi.

Jambo linalowashangaza wengi ni kufunga maji, yaani kuacha kumwagilia kwa muda. Mwembe uliokwisha kuanza kuzaa unahitaji ukavu na usiku wa baridi ili utoe maua. Ukiumwagilia Mei na Juni unakupa majani mapya badala ya maua. Miche usiifungie, hiyo bado inajenga mizizi.

Mama alisita sana. Mwaka huu alifunga mwezi wa tano, majirani wakamwambia anaua miti. Nilipompitia Agosti matunda yalikuwa yamefika ukubwa wa gololi, na asubuhi hiyo hiyo tukarudisha maji kwenye visahani.