King'amuzi cha dishi na cha waya: kimoja kinasikia tu, kingine kinajibu

Wengine tunaita king'amuzi, wengine kisimbuzi, na Nairobi au Mombasa utasikia zaidi dekoda. Kung'amua ni kutambua jambo lililofichika, na jina limekaa mahali pake: kampuni ya televisheni ya kulipia hurusha picha zikiwa zimefungwa kwa msimbo, na kifaa hiki huzifungua kwa aliyelipa. Lakini ving'amuzi si vya tumbo moja. Kile cha antena, kinachopokea mawimbi ya mnara wa karibu, tukiweke kando. Ushindani ninaoueleza hapa ni wa dishi na waya.

Anza na jambo linalomkera kila mwenye dishi. Umelipia kifurushi kwa simu, ujumbe wa muamala umeingia, salio limepungua, ila kwenye kioo bado unaambiwa hujalipa. Unapiga huduma kwa wateja, jibu ni lile lile: "Kiache kimewashwa, weka kwenye chaneli, subiri." Miaka mingi nilidhani wananizungusha. Kumbe ndivyo mtambo ulivyo. Dishi lina sikio, halina mdomo.

Kampuni haina njia ya kukifikia king'amuzi chako peke yake. Hupandisha amri hadi kwenye setilaiti, iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na setilaiti huimwaga amri hiyo kote inakofika, nchi baada ya nchi. Kila king'amuzi kilichowashwa kinaisikia. Kinalinganisha na namba yake; kikikuta si yake, kinaachana nayo. Amri ya kukufungulia hurudiwa kwa muda fulani, kisha inapisha za wateja wengine. Kama ulizima ukaenda dukani, imekupita, na kule juu hakuna anayejua kwamba imekupita. Ndiyo maana inabidi uombe itumwe upya.

Waya ni habari nyingine. Masafa fulani ndani yake huleta picha nyumbani, mengine hurudisha ujumbe kwa kampuni. Kwa hiyo king'amuzi cha waya kinaweza kuomba: nataka filamu hii, ianze sasa, kwa nyumba hii. Na kwenye waya huo huo inapita intaneti. Hii njia ya kurudi ndiyo kiini cha mashindano yote ya teknolojia kati ya pande hizi mbili. Mengine, kama wingi wa chaneli na ung'avu wa picha, kila upande huweza kuyapata kwa wakati wake.

Basi mbona dishi halijafa? Kwa sababu ya gharama. Waya unataka nguzo, mitaro, vibali, na nyumba zilizokaribiana zenye watu wa kulipa. Setilaiti ikishakuwa angani, mtazamaji wa Namanyere, mkoani Rukwa, anaona picha ile ile ya mtazamaji wa Masaki, Dar es Salaam, na kumwongeza yeye hakudai mtaro wala nguzo. Adui wa dishi ni mvua. Ikishika ile ya masika, picha inakatika vimraba vimraba, inaganda, kisha kioo kinabaki cheusi, kwa kuwa matone hunyonya mawimbi yenye masafa ya juu yanayotumiwa na madishi haya madogo.

Marekani waliucheza mchezo huu mapema. Mwaka 1994 kampuni ya dishi ya DirecTV ilianza kuuza huduma ya dijitali kwa dishi la takriban sentimita 45, wakati kampuni nyingi za kebo, yaani za waya, zilikuwa bado kwenye analojia, mfumo wa zamani. Kebo zikajibu kwa kwenda dijitali nazo, kisha kwa kuuza intaneti kupitia waya wao. Mwaka 1997 zikatoa DOCSIS, kiwango cha pamoja cha modemu, vifaa vya kupitishia intaneti kwenye waya huo. Hapo dishi likabanwa, kwani halikuwa na njia ya kurudi. Jibu lake lilikuwa la kijanja: likaweka diski ndani ya king'amuzi. Vipindi vinashushwa na kuhifadhiwa mapema, na wewe ukibonyeza rimoti unadhani filamu imeagizwa sasa hivi, kumbe ililala kwenye boksi tangu usiku. Kwenye picha za HD, zile zenye ung'avu wa juu, DirecTV ilirusha setilaiti mpya mwaka 2007 ili ipate nafasi ya chaneli nyingi zaidi. Kebo nazo zikatamba kwa kitu ambacho diski haikuweza kukifikia: maktaba kubwa ya filamu za kuchagua.

Ujanja wa diski ulifika na huku, kupitia king'amuzi cha Explora cha DStv. Kwetu dishi ndilo lililotangulia mbele kwa mbali, na ukitaka kuliona, inua macho juu ya mapaa ya Dar es Salaam. Madishi ya DStv yameegemea nyuma karibu yalale, kwa sababu setilaiti yake iko nyuzi 36 mashariki, karibu utosini mwetu. Ya Azam TV yameinamia upande wa magharibi, kwa kuwa setilaiti yake iko nyuzi 7 tu mashariki. Fundi mzoefu hahitaji kusoma nembo. Zuku ya Kenya imetumia njia zote mbili kwa pamoja: waya wa televisheni na intaneti kwenye mitaa ya Nairobi ulikopita, dishi kwa wengine. Sioni mfano bora wa kuonyesha kwamba ramani ya nyumba ndiyo inayoamua, kuliko ubora wa mtambo.

Siku hizi mpaka wenyewe umeanza kufifia. Ving'amuzi vingine vya dishi vina tundu la waya wa dishi na, pembeni yake, tundu la intaneti au Wi-Fi. Mechi inashuka kutoka angani, maana kuirusha mara moja kwa mamilioni ndiko rahisi. Filamu uliyoichagua peke yako inakuja kwa intaneti, na ombi lako linarudi kwa njia hiyo hiyo. Ukimuuliza fundi king'amuzi hicho ni cha aina gani, bado atakujibu ni cha dishi.