Je, wajua kwa nini Vita vya Pili vya Dunia vilikwisha 1945 lakini askari wakabaki ng'ambo?

Ujerumani ilisalimu amri Mei 1945. Ungedhani askari wa Marekani waliokuwa Ulaya walifunga virago wiki iliyofuata. Wapi! Wengi walikula Krismasi ya mwaka huo wakiwa bado ng'ambo, na wengine wakauona 1946 wakiwa huko huko. Bunduki zimenyamaza, adui ameshindwa, sasa wanangoja nini?

Jibu la haraka ni meli. Jeshi la Marekani peke yake lilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, na mamilioni kati yao walikuwa nje ya nchi. Walikuwa wamepelekwa kwa awamu, miaka nenda miaka rudi. Kurudi, kila mmoja alitaka kurudi leo. Meli za mizigo zipatazo 300 zilifungwa vitanda, na hata manowari za kubeba ndege zikageuzwa za abiria. Kazi hiyo, iliyoitwa Operesheni Magic Carpet, haikumalizika hadi Septemba 1946. Isitoshe, Japani iliendelea kupigana mpaka Agosti 1945, kwa hiyo aliyemaliza vita Ujerumani aliweza kabisa kupangiwa safari ya Pasifiki badala ya nyumbani.

Lakini meli zikiwa chache, nani apande kwanza? Hapo ndipo penye utamu, au uchungu, inategemea ulikuwa wapi kwenye foleni. Jeshi liliamua kwamba atakayerudi ni mtu, si kikosi, na kila mtu akapigiwa hesabu ya pointi. Mwezi mmoja jeshini, pointi 1. Mwezi mmoja ng'ambo, pointi 1 juu yake. Nishani, au nyota ya kushiriki kampeni ya kivita, pointi 5. Mtoto aliye chini ya miaka 18, pointi 12, lakini watoto watatu tu ndio waliohesabiwa. Ndoa yenyewe haikuwa na pointi hata moja. Mwanzoni, ili uende nyumbani ulihitaji 85.

Chukua askari mwenye miezi 30 jeshini, 18 kati yake ng'ambo, nyota tatu na mtoto mmoja. Ni 30, jumlisha 18, jumlisha 15, jumlisha 12: pointi 75. Anabaki. Mwenzake waliyelala naye handaki moja tangu siku ya kwanza, ila ana watoto wawili, anafikisha 87 na anaondoka. Mseja wa kikosi hicho hicho ana 63, na hana la kufanya ila kungoja kiwango kishushwe. Kilishushwa kweli, hadi 80, kisha 70, kisha 60, lakini kwa hatua.

Mimi naona mfumo huo ulikuwa wa haki kuliko kura au upendeleo wa wakubwa. Hata hivyo ulivunja vikosi. Wenye pointi nyingi walihamishiwa divisheni zilizopangiwa kurudi, wenye chache wakapelekwa zile zinazobaki, na hivyo mtu aliweza kuvuka Atlantiki na watu asiowajua hata kwa jina.

Wakingoja, walikaa katika kambi kubwa za mahema karibu na bandari ya Le Havre, Ufaransa, zilizopewa majina ya sigara: Lucky Strike, Old Gold, Chesterfield. Jeshi lilijua kwamba askari asiye na kazi ni balaa, likafungua hata vyuo vya muda, kimoja Shrivenham, Uingereza, kingine Biarritz, Ufaransa.

Uvumilivu uliisha Januari 1946, ilipotangazwa kwamba kasi ya kuwarudisha watu itapungua. Maelfu ya askari waliandamana Manila, Ufilipino, na malalamiko yakaenea hadi Paris na Frankfurt. Mwezi huo huo askari wa jeshi la anga la Uingereza waligoma Karachi, Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Singapore. Huko Marekani, wake za askari waliwatumia wabunge viatu vya watoto wachanga. Ujumbe ulieleweka: hawa ni wapiga kura, na uchaguzi hauko mbali.

Huku kwetu hali ilikuwa nyingine. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Mwingereza Afrika Mashariki) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), waliopigana Burma (Myanmar ya leo) katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki na kufika mto Chindwin mwishoni mwa 1944, nao walikuwa na Bahari ya Hindi nzima kati yao na kwao, na meli zilikuwa za Mwingereza. Mke wa askari wa Machakos au Songea hakuwa na mbunge wa kumtumia viatu. Bunge lililoamua mambo ya vita lilikuwa London, na mumewe hakuwa na kura ndani yake.